Jinsi ya kumchagulia mtu riwaya za wanawake wanaopendana, hasa zile za upelelezi

Kitu cha kwanza muulize kitabu gani cha mwisho alikisoma mpaka kikaisha. Ukimuuliza anapenda nini atakutajia vitu alivyosomeshwa shule ili aonekane msomaji, kwaiyo we muulize alichomaliza, hata kama ni hadithi ya kwenye simu ya sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, hata kama ni riwaya ya Joram Kiango, yule mpelelezi wa Ben Mtobwa, iliyochanika kava. Hapo ndo unajua kama ni mtu wa kukimbizana na maadui au wa mapenzi ya taratibu, kama anavumilia kurasa mia tano au akifika mia mbili anachoka, na kama Kiingereza kinampanda au kila mstari anashika simu kutafuta maana. Nikishapata hilo jibu mi naona kazi kubwa imeshaisha.

Afu sikiliza anavyoomba. Huku kwetu Mbeya, na Iringa na Njombe ni hivyo hivyo, hamna mtu atakayekuja akwambie wazi nataka riwaya ya wasichana wawili wanaopendana. Atasema dada una kitabu chochote cha tofauti? Au ataizungukia ile filamu ya Kenya iliyofungiwa, anamaanisha Rafiki ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, ile iliyoenda mpaka tamasha la filamu la Cannes huku kwao imepigwa marufuku, baadae mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Mtu akitaja hiyo filamu huku anaangalia pembeni we elewa, usikunje uso, usicheke, na tafadhali usimuulize "kwani na we ni wale?" Msomaji wa Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, hatumuulizi kama na yeye ni jasusi. Kuna anayesoma kwasababu ni maisha yake, kuna anayesoma kwasababu mdogo wake ni hivyo na anataka kumwelewa, kuna mwingine anapenda tu stori nzuri, na wote watatu wana haki ya kupewa kitabu bila kuhojiwa.

Nasema hivi kwa uzito kwasababu nchi yetu sheria ni kali. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume cha maumbile, kinafika mpaka kifungo cha maisha, Zanzibar wao wameandika kabisa na wanawake, na hata kabla ya sheria kuna mama mwenye nyumba, kuna jumuiya, kuna shemeji. Jina la mtu likishatajwa pale Mwanjelwa asubuhi, jioni limeshafika Uyole. Kwaiyo unayempendekezea mtu kitabu cha aina hii umebeba na siri yake, hata kama hajakwambia siri yoyote. Usiseme "nilimpa fulani hiki akakipenda sana", hata ukidhani huyo fulani hajulikani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote, mwisho wa kitabu. Riwaya nyingi za wanawake wanaopendana, hasa za zamani, zilikuwa zinamaliza kwa kumuua mmoja wao, au anajiua, au anachanganyikiwa, au anaolewa na mwanaume na stori inafungwa hapo kama vile amepona ugonjwa. Ndo maana The Price of Salt ya 1952 ilikuwa kitu cha ajabu, mwandishi wake Patricia Highsmith alitumia jina la bandia, Claire Morgan, na wale wanawake wawili mwishoni wanabaki hai na kuna matumaini ya kuwa pamoja, basi kitabu kikasomwa na watu wengi mno kwasababu hawakuwa wamezoea kuona hivyo. Sasa fikiria msomaji wako yupo Makambako, hana mtu wa kuongea nae hata mmoja, umempa kitabu, amekaa nacho usiku tatu akampenda yule dada wa kwenye kitabu, afu ukurasa wa mwisho anapigwa risasi. Hapo umemuumiza, na kwasababu hawezi kumlilia mtu yeyote ataumia peke yake.

Lakini upelelezi nao una sheria yake, ukimspoilia mtu muuaji ni nani umemuulia kitabu kizima. Watu wengi wanakwama hapo, wanaona bora wanyamaze kila kitu. Mi nashauri utenganishe hivi vitu viwili, mwambie mapenzi yanaishia wapi, muuaji mwache amtafute mwenyewe. Mfano ukimpa kitabu andika kimeseji kifupi hivi: "Mpelelezi na mpenzi wake wote wanafika mwisho salama, mwanzoni kuna mtu anakufa ambaye hatujamzoea, kuna sehemu moja ya kupigwa ina ukali, mengine sikwambii." Hapo umemlinda na hujamwibia raha yake, na ukiwa msomaji mwenyewe utaona kwamba ukijua mapenzi hayafi unasoma mauaji kwa utulivu zaidi, akili yote inaenda kwenye ushahidi. Kama hajui anataka aambiwe kiasi gani muulize, wapo wanaosema niambie yote na wapo wanaosema niache nife nacho.

Na hapa naomba uwe mkweli. A Grave Talent ya Laurie R. King, ya 1993, ni kitabu kizuri cha polisi, kilipata Edgar, tuzo ya Marekani ya vitabu vya upelelezi, upande wa riwaya ya kwanza ya mwandishi, mpelelezi ni Kate Martinelli wa San Francisco ambaye kazini hataki kabisa wajue anaishi na nani. Lakini wanaouawa mle ni watoto wadogo, na mpenzi wake Kate anaumia vibaya, ingawa hafi. Mtu mwenye mtoto mdogo nyumbani hawezi kukutana na hayo bila kuambiwa. Vitabu kama hiki mi huwa navitoa kwa mtu ninayemjua tayari, sivitoi cha kwanza.

Njia rahisi ya kuvuka kutoka kwenye vitabu tulivyokulia navyo ni kupitia wapelelezi wetu wenyewe. Mtu aliyekulia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mwenye kiko chake, anayekaa anafikiri huku siri za ukoo zinafumuka moja moja toka Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, huyo usimpe kitabu cha mabomu. Mpe The Stranger Diaries ya Elly Griffiths, 2018, Uingereza. Mwalimu wa kike ameuawa, karibu na maiti kuna karatasi yenye maneno ya Shakespeare, na anayepeleleza ni Harbinder Kaur, Singasinga, mwanamke wa miaka thelathini na tano ambaye bado anaishi kwa wazazi wake. Baba na mama wana duka, mama anapika chakula cha kushibisha kijiji, wanamngojea aolewe, na yeye hajawaambia kwamba anapenda wanawake. Yani ukimtoa pale ukamweka Iringa, ukabadilisha chapati zikabaki chapati, hamna kitakachoshangaza mtu. Ndo sababu huyu Harbinder nampendekeza kuliko mpelelezi mwingine yeyote kwa dada zetu wa huku, maana hajahama nyumbani akaenda kujificha mji wa mbali, yupo mezani na wazazi wake, anawapenda, na bado ana kitu hajasema. Kitabu kile kilipata Edgar ya riwaya bora mwaka 2020, na kinasimama chenyewe, kwaiyo hata asipopata vya mbele hajapungukiwa. Akivipata, mwambie afike mpaka Bleeding Heart Yard ya 2022, humo Harbinder amehamia London na moyo wake nao unapata pa kukaa.

Mtu wa Joram Kiango, anayependa mpelelezi asiye wa serikali, mwenye ofisi yake na kiburi chake, mpeleke kwa Cheryl A. Head. Mpelelezi wake anaitwa Charlie Mack, mwanamke mweusi wa Detroit, ana kampuni yake ya upelelezi, na mama yake mzazi anapoteza kumbukumbu, kwaiyo anakimbizana na wahalifu huku anawaza nani leo anakaa na mama. Kitabu cha kwanza ni Bury Me When I'm Dead, cha 2016. Wadada wengi wa huku ndo wanaolea wazazi, kaka zao wameshaenda Dar, watamwelewa Charlie bila kueleweshwa.

Wa Willy Gamba ndo kazi. Anataka ngumi, anataka safari, anataka mtu asiyeshindwa. Anayefanana nae zaidi ni Aud Torvingen wa Nicola Griffith, dada wa Kinorwei aliyekuwa polisi Atlanta, anapigana mpaka unasikia mifupa, na The Blue Place ya 1998 imeandikwa kwa ustadi ambao mi bado nauonea wivu. Lakini mwanamke anayempenda anakufa mwishoni. Lazima useme. Kuna watu ukiwaambia hivyo wanasema basi nipe tu nipo tayari, na kuna watu wanasema hapana dada, mwaka huu nimezika vya kutosha, na huyo wa pili unamsikiliza hapo hapo. Atakayekubali umpangie vyote vitatu kwa mpangilio, hicho, afu Stay, afu Always, kwasababu kile cha pili kinahusu kuomboleza na bila cha kwanza hakieleweki, na bila cha pili cha kwanza kinamwacha mtu pabaya.

Kuna swali huwa naulizwa sana, hivi hivi vitabu vyote ni vya Wazungu? Hapana, na hapa mwenye kupendekeza usiwe mvivu wa kwenda tu kwenye majina makubwa. Kama msomaji wako ndo anaanza, Kiingereza chake cha kawaida, muda hana, anza na "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ni hadithi fupi tu, ilipata tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika mwaka 2007, na ndo hiyo hiyo iliyozaa filamu ya Rafiki. Wasichana wawili wa Nakawa, Kampala, Anyango na Sanyu, na jirani mwenye mdomo anaitwa Mama Atim. Soweto ya hapa Mbeya kuna Mama Atim, Mafinga kuna Mama Atim, Tukuyu wapo mpaka wanapokezana zamu. Mtu anaimaliza jioni moja akiwa kwenye kochi na blanketi, na anakuwa ameshajua kama anataka kuendelea.

Baada ya hapo Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, 2015. Nigeria wakati wa vita ya Biafra, Ijeoma ni Mwigbo na Amina ni Mhausa, ni mabinti wadogo, wanapendana, wanakamatwa, na mama yake Ijeoma anaanza kumfundisha Biblia mstari kwa mstari ili kumtoa huko. Kiingereza chake kimenyooka, kimejaa methali na hadithi za wazee, msomaji wa kidato cha nne aliyezoea kusoma anakimudu. Ila mwonye, kuna mtu anachomwa moto mle ndani na ni ngumu kusoma. Afu mwambie na hili, Ijeoma anafika mwisho hai, ana mwanamke anayempenda, na yule mama anabadilika. Kwa msomaji wa kanisani hiki kitabu ni kikubwa kwasababu hakimdhihaki yule mama wala Biblia yake, unaona kabisa anampenda mwanae na anaogopa. Mi nikimpa mtu wa kwaya naanza nacho kabla ya kingine chochote.

Na kijembamba kingine ni La Bastarda ya Trifonia Melibea Obono, kimeandikwa kwa Kihispania 2016, kwa Kiingereza kikatoka 2018, ndo riwaya ya kwanza ya mwanamke wa Guinea ya Ikweta kutafsiriwa Kiingereza. Binti yatima anaitwa Okomo analelewa na bibi na babu, anamtafuta baba yake, anakutana na wasichana wengine, na mwishowe msitu ndo unawapokea. Mapigo yapo, mwambie.

Ukiona mtu amependa ya kanisani na pia ni mtu wa mauaji, kuna Scorched Grace ya Margot Douaihy, 2023. Sista anayeitwa Holiday, wa New Orleans, ana tatuu mwili mzima, anavuta sigara, alikuwa mwanamuziki, anapenda wanawake, na anamwamini Mungu kwelikweli, shule yao inachomwa moto na yeye anaanza kupeleleza. Hiki ni kwa mtu mwenye moyo mpana, maana kuna waumini kitawakwaza kuanzia ukurasa wa kwanza na hakuna faida ya kumkwaza mtu aliyekuja kuomba kitabu cha kupumzikia. Lakini kwa dada aliyewahi kuambiwa achague kati ya imani yake na moyo wake, kumwona Holiday akisali na kukosea na kusali tena ni kitu kikubwa sana.

Fingersmith ya Sarah Waters ya 2002 usimpe mtu anayeanza. Ni kitabu bora, kina wizi, hila, London ya zamani, kilipata tuzo ya Ellis Peters ya riwaya za uhalifu za kihistoria, ila ni kinene na Kiingereza chake ni cha wezi wa zamani, atakata tamaa mapema. Akishakuwa msomaji mzoefu mpe, mwambie mapenzi yanafika salama afu funga mdomo kabisa kuhusu katikati, hata usiseme "subiri ufike katikati", kwasababu ukisema tu hivyo umeshaharibu. Kuna filamu ya Korea iliyotokana nacho, The Handmaiden ya 2016, na hiyo mwambie asiiangalie sebuleni na familia, ina sehemu za chumbani za wazi.

Kuhusu hizo sehemu za chumbani, lazima useme zipo au hazipo. Msomaji mtu mzima atachagua mwenyewe. Mwanafunzi wa sekondari akikuomba mpe "Jambula Tree" na uishie hapo, mengine atayasoma akikua. Na usipige picha ukurasa wa chumbani ukautupa kwenye grupu la WhatsApp kwa kuchekesha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa mambo ya ponografia, na mwenye kubeba lawama anaweza akawa yule msomaji wako wa kimya aliyekuwepo kwenye grupu.

Jinsi ya kumfikishia nayo ni sehemu ya kupendekeza. Muulize anasomea wapi na nani anashika simu yake. Kama simu yake ni yake peke yake basi nakala ya kwenye simu ni salama kuliko karatasi, programu ya Kindle inampa kurasa za mwanzo bure, asome hizo kwanza kabla ya kununua, bando dogo tu linatosha. Kama simu inashikwa na mume au watoto basi karatasi ni bora, na uangalie kava, The Stranger Diaries ukiiweka mezani hamna mtu anageuka, ni kitabu cha mauaji tu, wakati La Bastarda nyuma yake wameeleza kila kitu. Unaweza kukivalisha gazeti kama tulivyokuwa tunavalisha madaftari. Ukituma kwa basi kutoka Dar, kwenye bahasha andika "vitabu" inatosha, jina la kitabu halina kazi pale ofisi ya mabasi. Wakati mzuri wa kutuma ni kabla ya Juni, ile baridi ya Njombe na Mbeya ikishaingia watu wanalala mapema na ndo wanasoma kweli.

PDF za kuibiwa mi sizigawi, najua bei ni tatizo na najua kadi za kulipia mtandaoni ni usumbufu, lakini waandishi hawa wengi wanaandikia wasomaji wachache na kitabu kisipouzwa cha pili hakichapwi. Bora mchange watatu mnunue kimoja cha karatasi kizunguke. Na meza za vitabu vya mtumba uzipitie mara kwa mara, riwaya za upelelezi za Kiingereza huwa zinaanguka pale bila muuzaji kujua ndani kuna nini, Val McDermid unaweza kumkuta, ila angalia ni kipi, kwasababu ana wapelelezi wengi na wa kwake anayependa wanawake ni Lindsay Gordon, mwandishi wa habari wa Glasgow, alianza na Report for Murder ya 1987.

Akikirudisha, usimuulize kama amejiona mle ndani. Muulize alimshuku nani na kuanzia sura ya ngapi. Akitaka kuongea la moyoni ataingilia hapo hapo mwenyewe, na asipotaka mtakuwa mmeongea kuhusu muuaji na mtakuwa mmefurahi. Na kama hajamaliza muulize aliishia ukurasa wa ngapi, afu ufungue uangalie pale pana nini. Kama pana damu nyingi mpe Harbinder, kama pana Kiingereza kigumu mrudishe kwa Ijeoma, na kama pana huzuni mpe kitu ambacho wote wanafika mwisho wakiwa hai, umwambie hivyo kabla hajafungua.